Dawa bila kijiti mnaniuzia nini?

Swali lenu la wiki hii, eti kokteli ya kitambo inatambulika kwa nini na mtu anaruhusiwa kuichezea mpaka wapi. Martini na daiquiri zina wenyewe, mi najibu kuhusu dawa, ile kokteli yetu ya Kenya, na najibu hivi: kabla hujaibadilisha muulize anayeinywa.

Dawa sote twaijua. Vodka, ndimu imekatwa vipande na maganda yake, sukari, barafu, kijiti kimezungushiwa asali. Mkahawa wa Carnivore pale Lang'ata, Nairobi, ndio waliovumisha, na si siri imetokana na caipirinha, kokteli ya Brazil. Wabrazil hawana mchezo, 2003 waliweka kwenye amri ya serikali kabisa kwamba caipirinha ni cachaça (pombe yao kali ya miwa), ndimu na sukari, ukitia vodka tafuta jina lingine. Mi ningetaka sisi pia tuwe wakali hivyo. Dawa bila vodka hiyo ni sharubati.

Sasa Desemba tulikuwa Diani, harusi ya binamu, hoteli siitaji. Naagiza dawa, inaletwa glasi ndefu, maji ya ndimu ya chupa, asali imeshayeyushwa na maji moto, halafu mrija wa karatasi. Namuuliza kijana kijiti kiko wapi, ananiambia "boss ni ile ile, tumerahisisha tu". Mmerahisisha! Asali kwenye baridi haiyeyuki upesi, hiyo ndo kazi yake, inang'ang'ania kijiti, we unakoroga huku unaponda ndimu, inaachia kidogo kidogo, funda la kwanza kali, la mwisho tamu. Na maganda yakipondwa ndo yanatoa yale mafuta ya kunukia, kwa chupa hayapo. Yangu ilikuwa ladha moja juu mpaka chini, kama juisi ya pakiti.

Bado nabishana, aunty yangu, mlokole wa kweli, akamwita yule kijana polepole, "Mwanangu, mi niletee bila pombe, lakini ndimu ikate hapa nikiona, na asali usiikoroge." Kijana akapotea jikoni akarudi na kijiti cha mshikaki, cha mshikaki jamani, kimechovywa asali mpaka inadondoka kwa kitambaa cha meza. Aunty akaponda, akaonja, akaponda tena, akanisogezea. Hiyo ndo ilikuwa dawa ya siku ile, na hamkuwa na tone la vodka.

Kwa hivyo nikiandika hivi naona kumbe vodka ndo ya kwanza kusamehewa. Watanzania wanatia Konyagi, pombe kali ya kwao, sawa, watie. Ile dawa nyingine ya moto, ya tangawizi, ya kunywa ukiwa na mafua, ni kitu kingine, sina ugomvi nayo. Ndimu mbichi, asali nzito na kijiti hapo sibanduki, ingawa hotelini mkiniletea isiyo na vodka halafu bili ije na bei ya yenye vodka tutakosana. Na dawa ya kutiwa pasheni sijaamua, msiniulize leo.