CPOOL kwenye z/OS: kuwa mwangalifu na seli uliyokwisha kurudisha

Mkuu, umeuliza kama programu yako ya asembla, inayoita STORAGE OBTAIN na STORAGE RELEASE (kuomba na kurudisha kumbukumbu) kwa kila muamala wa baiti 256, ihamie CPOOL, makro ya z/OS (mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM) inayogawa kumbukumbu kwa seli za ukubwa mmoja. Ihamishe. OBTAIN inakwenda kwa mfumo na kurudi kila mara. CPOOL inachukua kipande kikubwa mara moja, inakikata seli zinazolingana, kisha GET na FREE zinachomoa seli kwenye mnyororo wa seli huru na kuirudisha, basi. CSIZE ni ukubwa wa seli, PCELLCT idadi ya mwanzo, SCELLCT idadi ya kila nyongeza. HDR, yaani kichwa cha kila kipande cha bwawa la seli, usiiache: zile herufi 24 ndizo utakazozitafuta kwenye dampu (nakala ya kumbukumbu programu inapokufa) saa nane usiku.

Ila kilichonitesa mimi hakikuwa kasi. Tulikuwa na taski kadhaa (kazi zinazokwenda sambamba) kwenye bwawa moja la seli. Kila baada ya siku chache moja inakufa kwa S0C4 (hitilafu ya kugusa anwani isiyofikika) ndani ya GET, leo hii, kesho ile. Nilikagua kodi ya zilizokufa wiki nzima, sikuona kosa. Nilipotulia na dampu, nikakuta seli huru ambayo neno lake la kwanza, mahali panapokaa anwani ya seli inayofuata, limeandikwa F0F0F1F7. Hiyo si anwani. Ni herufi za EBCDIC (msimbo wa herufi wa IBM), 0017, mwanzo wa namba ya akaunti! Kumbe kuna taski ilirudisha seli, ikabaki na anwani yake, ikaja kuandika humo tena. Yenyewe ikaendelea na kazi. Iliyokuja kuomba seli baadaye ndiyo ikafa.

Tangu hapo FREE naiweka sehemu moja tu ya programu, na anwani inafutwa kwa amri ya XC papo hapo. Kwenye majaribio najaza seli baiti za X'DD' kabla ya FREE. Baada ya GET naangalia kama DD bado zipo, nikiuruka mwanzo ambao CPOOL inautumia. Zikiwa zimeguswa, kuna mtu kaandika asipostahili.

GET haikusafishii seli, utakuta mabaki ya aliyetangulia. Na FREE hairudishi kumbukumbu kwa mfumo, ni DELETE tu, inayofuta bwawa zima: bwawa likivimba mwisho wa mwezi, litabaki hivyo hivyo.

Kama data yako inaweza kukaa juu ya gigabaiti 2, tazama IARCP64, makro ya mabwawa ya seli ya eneo hilo. Kigezo chake cha TRAILER kinakagua kama umeandika kupita mwisho wa seli. Tubandikie hapa taski zako zinavyopeana anwani, tuipitie pamoja.