Ukienda Lötschental Msimu wa Kanivali, Anza na Tarehe ya Pasaka

Anayetaka kuwaona Tschäggättä, wale watu wa vinyago wanaotembea wakati wa Kanivali, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, katika bonde la Lötschental katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, asikate tiketi ya ndege kabla hajatazama kalenda ya Kanisa. Watu hao huanza kutoka nje tarehe 3 Februari, siku moja baada ya sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na hukoma usiku wa kuamkia Jumatano ya Majivu, ambayo huhamahama kwa kuwa tarehe yake hutegemea ile ya Pasaka. Mwaka 2027 Jumatano hiyo itakuwa tarehe 10 Februari, kwa hiyo msimu mzima utaisha ndani ya wiki moja. Mwaka 2028 itaangukia tarehe 1 Machi, na mgeni atapata karibu mwezi mzima wa kuchagua. Kwa Mtanzania au Mkenya, ambaye huweza kuwasilisha maombi ya viza ya Schengen kuanzia miezi 6 kabla ya safari, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Treni hukufikisha Goppenstein, na basi hukupandisha hadi Kippel na Wiler. Wageni wengi huja kwa gwaride la Jumamosi pale Wiler, wakapiga picha na kuondoka. Mimi nashauri ulale bondeni siku ya kawaida katikati ya wiki, kwa sababu jioni, vichochoro vikiwa vitupu, utaisikia kengele ya ng'ombe iliyofungwa kiunoni kabla hujamwona aliyeivaa. Alipotokea wa kwanza mbele yangu, ngozi za mbuzi zilikuwa zimemtanua mabega hadi akaziba njia, na kwenye kinyago chake cha msonobari yalikuwa yamepachikwa meno halisi ya ng'ombe. Alinisugua theluji usoni kwa glavu nene ya sufu, akaenda zake bila kutamka neno. Usikimbie, kwani barafu ya vichochoro hivyo huvunja watu miguu, na kamwe usimvue mtu kinyago, maana hufunikwa mwili mzima ili asitambulike. Mwenye watoto wadogo awapeleke kwanza kwenye makumbusho ya Kippel, wavizoee vinyago vikiwa vimetulia.

Tarehe 28 Mei 2025 barafu na miamba vilikifukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten, juu zaidi bondeni. Nakusihi usiende kupiga picha kifusi cha nyumba za watu. Ukitaka kuwafaa, lala, ule na ununue mahitaji yako humo humo Lötschental.