Usianze na mota: msumeno wangu wa kwanza wa meza

Jumanne usiku kijana mmoja wa Kayole ameniandikia meseji ndefu. Anasema amepata elfu 60 kutoka kwa chama, amekodi kibanda, amechoka kupanga foleni kwa watu apasuliwe mbao, sasa anataka msumeno wa meza wake mwenyewe na swali lake ni moja tu, nguvu ya mota: "Fundi, nichukue ya 2HP ama 3HP?"

Nimeisoma mara tatu nikaweka simu chini. Watu wakiniuliza hivyo mimi huwajibu kwa mistari miwili naendelea na kazi. Hii imenikaa kwa roho kwa sababu ni swali lile lile mimi niliuliza 2019, karibu neno kwa neno, na niliyemuuliza akanijibu, "Chukua 3HP, haitakusumbua." Kwa hivyo wacha niandike yote mara moja, ata kama ni ndefu.

2019 nilikuwa nimehamia Kariobangi Light Industries, kibanda cha mabati, futi 12 kwa 20. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba mbao kwa mkokoteni hadi kwa mwenye mashine Gikomba, unalipa kwa futi, unangoja mpaka saa nane, na ukirudi unapata vipande viwili havilingani na hakuna wa kulalamikia. Nikaweka pesa mwaka mzima. Nikapata msumeno wa meza uliochomelewa jua kali, fremu ya angolaini, juu bamba la chuma, mota ya 3HP na belti, shilingi 42,000. Siku niliyoiwasha mara ya kwanza majirani walitoka nje kuangalia. Ilikuwa inapasua mbao ya 6x2 kama mkate. Nilijiona nimefika, na sitadanganya, ile raha sijawahi kuipata tena kwa kitu chochote nimenunua.

Sasa angalia venye mashine yenyewe ilikuwa. Fensi, yaani ule ukingo mbao inaegemea ikienda kwa bladi, ilikuwa kipande cha angolaini unakibana na klampu mbili, kila ukibadilisha saizi unafungua, unapima na futi, unabana tena. Nyuma ya bladi hakukuwa na kitu. Juu ya bladi hakukuwa na kifuniko. Swichi ilikuwa ukutani, hatua nne kutoka mahali unasimama. Na hiyo 3HP nilikuwa nimeichomeka kwa plagi ya kawaida ya amp 13, ambayo kwa volti 240 inabeba wati 3,120 basi, na mota ya 3HP peke yake ni zaidi ya wati 2,200 kabla hujahesabu inachopoteza, na ikianza inavuta mara kadhaa ya hiyo. Breka ilikuwa inaanguka kila asubuhi. Nikaweka breka kubwa zaidi. Waya ukutani ukawa unapata moto. Hakuna mtu aliniambia, na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshauliza swali langu moja la HP nikaridhika.

Septemba tukapata oda ya vitanda 14 vya dabo deka vya shule moja ya bodi. Nilikuwa nimemleta binamu yangu kutoka Vihiga, mtoto wa shangazi, miaka 20, kijana wa bidii kabisa. Mbao wakati huo ilikuwa shida, kumbuka serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti Februari 2018 na ilikuja kufunguliwa Julai 2023, kwa hivyo ile saipresi tulikuwa tunapata ilikuwa ya mashamba ya watu, imekatwa wiki hiyo, maji bado yanatoka ukiifinya na klampu. Tulikuwa tunapasua 4x2 kupata 2x2. Ilikuwa Alhamisi, saa moja jioni, tumebaki na vipande kama kumi. Yeye anasukuma, mimi napanga upande ule mwingine.

Mbao mbichi ukiipasua haikai vile umeikata. Mpasuo unajifunga nyuma, unashika bladi. Na bladi ya msumeno wa meza, meno ya mbele yanashuka na ya nyuma yanapanda, kwa hivyo mbao ikishikana na yale ya nyuma inainuliwa na kurushwa kwa anayesukuma. Nilisikia mota imebadilisha sauti, ikashuka kama mtu anapumua kwa shida, halafu mlio mmoja. Mbao ilipita ikagonga mabati nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya ile mbao na mbao ilipotoka mkono ukabaki unaelekea mbele. Nilienda zile hatua nne za swichi. Nilipogeuka alikuwa amesimama tu, ameushika mkono na ule mwingine, hajasema kitu.

Alipoteza ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati. Na kuna jambo sijawahi kuandika mahali popote: alikuwa amevaa glavu, na mimi ndiye nilimwambia avae, kwa sababu asubuhi alikuwa amelalamika mbao inamchoma vibanzi. Daktari aliniuliza hiyo kwanza. Ngozi ya kidole ikiguswa na jino inakatika pale imeguswa, lakini glavu inashikwa inavutwa, na inaenda na mkono wako. Sikujua. Nilifikiri namlinda.

Kesho yake nilirudi kibandani peke yangu na rula ya chuma nikapima umbali kutoka kwa fensi hadi kwa bladi. Mbele milimita 50. Nyuma milimita 47. Yaani ile fensi yangu ya klampu ilikuwa inaisukuma mbao dhidi ya meno ya nyuma, kila siku, tangu ninunue. Milimita tatu. Nilikaa chini pale kwa maranda.

Bili nililipa yote, na oda ya shule ikaenda kwa mtu mwingine. Binamu alirudi nyumbani, sasa anaendesha boda, klachi anaishika na vidole viwili vya mwisho na anasema amezoea. Yeye tunaongea vizuri. Shangazi hapokei simu yangu mpaka leo, na yule aliyeniuzia mashine nilipoenda kumuonyesha zile milimita aliniambia mashine ni ya watu wanaojua kazi. Bado inaniuma, sitaficha.

Wiki zile nilikuwa silali, naangalia video za SawStop kwa simu usiku. Ni mashine ya Marekani, ilibuniwa na Stephen Gass mwaka wa 1999, bladi inabeba umeme kidogo na ikigusa nyama breki inaipiga ndani ya milisekunde 5 hivi na bladi inaanguka chini ya meza. Wanaonyesha na soseji. Soseji inabaki na mkwaruzo tu. Nimeiangalia ile soseji mara ngapi sijui. Bei yake mimi na wewe tuiache kwanza. Lakini ilinifunza kuuliza swali lingine kuhusu mashine: inafanya nini siku mambo yanaharibika?

Mashine ya pili nilinunua 2021, baada ya kurudi kufanyia watu kazi ya vibarua karibu miaka miwili. Hiyo mara sikuuliza HP. Nilizunguka na rula ya chuma, kalamu ya maka na sarafu ya shilingi 20 mfukoni, na wauzaji wengine walikasirika. Vile nilifanya ni hivi, na wewe fanya. Kama plagi iko kwa ukuta, itoe kwanza. Inua bladi mpaka juu, weka alama kwa jino moja, pima kutoka kwa ule mfereji wa juu ya meza unaoenda sambamba na bladi hadi kwa hilo jino likiwa mbele, halafu zungusha bladi na mkono jino lile lile liende nyuma, upime tena. Isipite nusu milimita. Ukiona imepita, uliza kama meza inafunguliwa skrubu ikanyooshwa, na muuzaji akisema haiwezekani, ondoka. Kisha lete fensi, ifunge, pima mbele na nyuma. Ifungue, isogeze, ifunge tena, pima tena. Mara tano. Fensi nzuri inarudi sawa mara zote tano bila wewe kuigongagonga, na kama kuna tofauti iwe nyuma ndiyo pana kwa unene wa karatasi, isiwe nyembamba hata kidogo. Mwisho simamisha ile sarafu kwa ukingo wake juu ya meza uombe mashine iwashwe. Ikianguka hapo hapo, beringi, shafti ama belti iko na shida.

Halafu angalia nyuma ya bladi. Kuna kibati kimesimama pale, kinapanda na kushuka pamoja na bladi, kazi yake ni kuzuia mpasuo usijifunge. Kiwe kinene kuliko mwili wa bladi na chembamba kuliko mpasuo wenyewe. Mashine za mitumba nyingi utakuta kimetolewa, mwenyewe atakuambia kilikuwa kinasumbua. Kile kibati kingekuwa kwa mashine yangu ya kwanza hii makala singeiandika. Na swichi iwe kubwa, iwe mbele, mahali unaweza kuizima na goti mikono yote ikiwa na kazi.

Nilichukua DeWalt DWE7492 iliyotumika, shilingi 78,000, nikalipa mara mbili. Ni mashine ndogo, wati 2,000, bladi ya milimita 250, inapiga kelele mbaya, lakini fensi yake inatembea kwa meno mbele na nyuma kwa pamoja kwa hivyo haiwezi kwenda upande. Inafunguka mpaka milimita 825. Wewe huhitaji zote hizo. Bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, ya futi 8 kwa 4 ni milimita 2440 kwa 1220, nusu ya upana ni 610, kwa hivyo fensi ikifika 620 hivi unagawa bodi na unatengeneza kabati zozote za jikoni. Chini ya hapo utateseka. Wiki iliyopita tumemaliza jiko la nyumba ya ghorofa Kileleshwa, milango 22, na hakuna hata mmoja nilirudia. Nilipitisha kidole kwa zile nafasi kati ya milango, zote sawa. Hiyo ni fensi, si nguvu.

Ukipata ya kutoka Marekani kwa bei ya chini angalia kile kibandiko cha mota kabla hujafurahi. Ya volti 120 itahitaji transfoma, na ikiwa mota haina brashi (vile vipande vya kaboni vinavyosugua ndani) na imeandikwa hezi 60, hapa kwetu hezi 50 itazunguka pole, moja juu ya sita imepotea. Na ekstensheni nyembamba ya mita 20 usiiweke kwa msumeno, stima inafika imechoka mota inachemka. Tafuta kebo ya milimita mraba 2.5.

Bladi watu hawafikirii. Ile inakuja na mashine weka kando. Nunua mbili: ya meno 24 ya kupasua mbao kwa urefu, na ya meno 60 ama zaidi ya MDF na plaiwudi. Ukipasua saipresi na ile ya 60 utaichoma mbao na utaanza kusukuma kwa nguvu, na kusukuma kwa nguvu ndiyo mwanzo wa mkono kuteleza. Angalia pia tundu la katikati, nyingi ni milimita 30 na zingine 25.4, usikubali kuwekewa kipande cha bati ati litakaa.

Kwa kutumia sitaki kuongea mengi. Simama kando ya mstari wa bladi, usisimame nyuma yake. Inua bladi ipite mbao kidogo tu, meno yaonekane basi. Mbao ikiwa imepinda inyooshe na randa kwanza, upande ulionyooka ndio ukae kwa fensi. Ukikata mbao kwa upana usiiegemeze kwa fensi na geji ya mfereji (ile inateleza kwa mfereji wa meza ikisukuma mbao) kwa wakati mmoja, itakwama katikati irushwe. Mbao mbichi iache ikauke, na kama mteja hawezi kungoja, basi apatiwe mtu mwingine hiyo oda, mimi nimekataa oda tatu hivyo na bado nakula. Jino la bladi ya inchi 10 likizunguka mara 2,850 kwa dakika linaenda zaidi ya kilomita 130 kwa saa, huna mkono wa kushindana na hiyo. Kijiti cha kusukumia ni kipande cha plaiwudi unakata dakika tano, nimetengeneza sita na zimening'inia kwa mashine yenyewe, kwa hivyo ukiniambia ulikosa kijiti mimi sikubali. Miwani, maski ya vumbi la MDF, mikono mifupi ama imekunjwa. Glavu hapana. Mtu akiingia kwangu na glavu nazima mashine, na vijana wananiona mkali sana kwa hiyo. Saa kumi na mbili jioni tunaacha kupasua, hata kama kimebaki kipande kimoja.

Sasa wewe wa Kayole. Na 60,000 usinunue mpya ya 3HP ile umenitumia picha, fensi yake naiona hapo imebanwa na klampu. Tafuta iliyotumika ya wati 1,500 mpaka 2,000 yenye fensi ya kweli na kile kibati cha nyuma, usipite 45,000. Inayobaki ni ya bladi mbili, kebo na miwani. Ukiipata usilipe kwanza, nitumie picha tatu: fensi ukiitazama kutoka juu, nyuma ya bladi, na kibandiko cha mota. Jumamosi niko karakana kutoka saa mbili asubuhi. Rula ya chuma ninayo, nitakuazima uende nayo kwa muuzaji, uirudishe Jumatatu.