Nofollow, noopener na noreferrer: ipi iwekwe wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tovuti ya habari inayotumia WordPress. Fundi wangu anasema kila kiungo kinachotoka nje kiwekwe rel="nofollow noopener noreferrer", ili Google isinishushe na wadukuzi wasiniingilie. Wakati huohuo kampuni ya kubeti inataka kulipia makala yenye kiungo chao, kwa sharti kwamba nofollow isiwepo. Nifanyeje? Na viungo vya makala za zamani nitavikaguaje?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Maneno hayo matatu, yanayoandikwa kwenye sehemu ya kiungo iitwayo rel, hayafanyi kazi moja. Nofollow ni ujumbe kwa injini ya utafutaji kwamba kiungo hiki usikihesabu kama pendekezo langu. Noopener na noreferrer ni amri kwa kivinjari cha msomaji. Ukiyabandika yote kila mahali, mengine yatakudhuru.

Tuanze na kampuni hiyo. Nofollow ililetwa Januari 2005, ikakubaliwa na Google, Yahoo na MSN ili kuwakomesha waliokuwa wakijaza viungo kwenye maoni ya blogu. Septemba 2019 Google ikaongeza ugc, kwa viungo vinavyowekwa na watumiaji, na sponsored, kwa viungo vilivyolipiwa. Kiungo cha kulipiwa lazima kiwe na sponsored au nofollow. Anayezikataa zote mbili hanunui wasomaji wako, ananunua nafasi kwenye matokeo ya Google, na hilo ni kinyume cha kanuni zao. Atakayeadhibiwa anaweza kuwa wewe. Kataa sharti hilo hata kama dau ni nono.

Viungo unavyoviweka kwa hiari, kama vya wizara au ripoti uliyoinukuu, viache bila nofollow. Wengi hudhani nofollow huzuia nguvu ya ukurasa, yaani uzito ambao Google huupa na kuugawa kwa viungo vyake, isitoke nje. Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza mapambano dhidi ya spam huko Google, alishaeleza mwaka 2009 kwamba fungu la kiungo hicho hupotea tu, halirudi kwa vingine. Ndiyo maana kuiweka kwenye viungo vyako vya ndani ni kujipunja.

Noopener ina kisa kingine. Kiungo chenye target="_blank" hufungua kichupo kipya, na zamani ukurasa huo mpya uliweza kukishika kile cha kwanza kupitia window.opener na kukihamishia anwani nyingine. Msomaji akirudi anakuta fomu inayofanana na ya benki yake, anaandika nywila, amekwisha. Safari 12.1, Firefox 79 na Chrome 88, iliyotoka Januari 2021, waliziba tundu hilo. Noopener nayo hukata uhusiano huo kati ya vichupo viwili. Bado nakushauri uiweke, kwa sababu kuna wasomaji wenye simu ambazo hazijasasishwa kwa miaka, na pia kwa sababu madirisha yanayofunguliwa kwa window.open() ya JavaScript hayamo kwenye kinga hiyo.

Noreferrer huficha msomaji ametokea wapi. Ukiitumia kila mahali, tovuti unazozipelekea watu hazitajua kuwa wewe ndiye uliyewaleta. Iweke pale tu usiri unapohitajika.

Sasa ukaguzi. Kutazama msimbo wa chanzo wa ukurasa (view source) peke yake hakutoshi, kwani JavaScript huongeza viungo baadaye. Kwenye kompyuta fungua makala, bonyeza F12, ingia Console, andika:

document.querySelectorAll('a[target="_blank"]:not([rel~="noopener"]):not([rel~="noreferrer"])')

Utaletewa viungo visivyo na kinga. Noreferrer nimeiingiza humo kwa kuwa nayo hufanya kazi ya noopener. Angalia sana koma! Google hukubali maneno ya rel yatenganishwe kwa koma, lakini kivinjari hukubali nafasi tu. Rel="noopener,noreferrer" kwake ni neno moja lisilojulikana, na kinga haipo, ingawa ukitazama kwa macho utaona kila kitu kiko sawa.

Kwa makala nyingi tumia Screaming Frog, programu ya kompyuta inayopitia kurasa za tovuti yako yote. Toleo la bure hupitia hadi anwani 500 na hukuonyesha rel ya kila kiungo.

Tafuta pia viungo ambavyo hukuviweka wewe. Wavamizi huvificha kwa display:none, amri ya CSS inayoficha kitu machoni pa msomaji, au huvionyesha kwa roboti ya Google peke yake. Ingia Search Console, huduma ya Google ya wenye tovuti, kagua anwani ya makala, usome HTML ambayo Google iliipata, kisha uilinganishe na unayoiona wewe. Ukikuta kiungo kigeni, usihangaike kukiwekea nofollow: umeshavamiwa. Sasisha WordPress na plugini zote, futa usizozitumia, badilisha nywila, kisha pitia orodha ya wasimamizi uone kama kuna jina usilolijua.