Lugha Isasishwe, Reli Ibaki

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama maandishi ya zamani ya uchanganuzi nafsi, yaani elimu ya kuchunguza akili na tamaa zilizofichika za mtu, kuhusu jamii na furaha ya mtu binafsi yanafaa kuandikwa upya kwa lugha nyepesi ya leo, ili vijana wayasome bila kukata tamaa. Ninakubali lugha isasishwe, lakini ninapinga mawazo kuguswa. Nitaeleza kwa kutumia kitabu ambacho nadhani kinastahili kusomwa zaidi hapa kwetu, kile cha Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeuasisi uchanganuzi nafsi, kiitwacho kwa Kijerumani Das Unbehagen in der Kultur (yaani Kutoridhika ndani ya Ustaarabu), kilichotolewa Vienna kikiwa na tarehe ya mwaka 1930. Hoja yake kuu ni nzito: ustaarabu unatulinda dhidi ya njaa, maradhi na wenzetu, lakini unatudai tuzizuie tamaa zetu, na ule ukali tunaokatazwa kuwaelekezea wengine hugeuka kuwa dhamiri inayotuadhibu sisi wenyewe, kiasi kwamba mtu mwadilifu huweza kujiona mwenye hatia kuliko mwovu.

Freud alifariki mwaka 1939, na muda wa hakimiliki ya maandishi yake umekwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuyahariri na kuyauza. Sioni ubaya katika hilo. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, ya Joan Riviere, ilitoka mwaka huohuo wa 1930, na mwanafunzi wa chuo anayeishika leo hukwama katika sentensi ambazo zingeweza kugawanywa bila hoja kupungua. Zigawanywe, na majina ya watu wasiojulikana tena yafafanuliwe chini ya ukurasa.

Hofu yangu ni mifano. Katika sura ya tatu Freud anauliza kama si furaha ya kweli mtu kuweza kusikia, wakati wowote apendao, sauti ya mwanawe anayeishi mbali sana. Kisha anajibu kwamba kama reli isingeushinda umbali, mtoto huyo asingeuacha mji wake wa kuzaliwa, wala baba asingehitaji simu ya kumsikilizia. Mhariri wa leo atashawishika kuiondoa reli na kuweka ndege, aiondoe simu ya waya na kuweka ya video. Sisi wa Nakuru hatuhitaji msaada huo. Mji wetu ulikua kwa sababu ya reli, iliyofika hapa mwaka 1900 na kulifikia ziwa pale Kisumu mnamo Desemba 1901, na ni reli hiyo iliyowabeba vijana wa Nyanza na Magharibi kwenda kwenye mashamba ya walowezi na Nairobi, huku wazazi wakibaki kungoja barua. Leo mama wa Kakamega huuona uso wa bintiye anayefanya kazi Ghuba kila jioni, na bado analala akimlilia. Msomaji akiiona reli katika ukurasa huo atatambua mwenyewe kwamba malalamiko haya yana karibu miaka mia moja na kwamba hakuna chombo kipya kilichoyamaliza. Ukimpa ndege na video, atadhani ni shida ya kizazi chake tu, itakayoondoka kwa kuzima simu wikendi moja.

Vivyo hivyo kuhusu jirani. Freud alishangaa kwamba jamii zinazopakana na kufanana sana ndizo hudharauliana na kugombana, akataja Wahispania na Wareno, Waingereza na Waskoti. Aliiona tabia hiyo kuwa njia isiyo na madhara makubwa ya kukidhi uchokozi, lakini papo hapo akakumbusha, kwa uchungu, mauaji ya Wayahudi katika Zama za Kati. Toleo fupi likibakisha sehemu ya kwanza na kuikata ya pili litakuwa limedanganya. Aliyekuwa Nakuru mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, anajua jinsi utani wa majirani unavyoweza kugeuka moto, na hahitaji mhariri amwandikie majina ya makabila yetu kitabuni. Atayaweka mwenyewe, na kazi hiyo ya kuyaweka ndiyo kusoma.

Zaidi ya yote, mwisho usiguswe. Kitabu kilipotoka mara ya kwanza kilifunga kwa tumaini kwamba nguvu ya upendo ingejitahidi kusimama dhidi ya nguvu ya uharibifu. Mnamo Septemba 1930 chama cha Hitler kikapata viti 107 katika bunge la Ujerumani, na katika toleo la 1931 Freud akaongeza sentensi moja akiuliza ni nani awezaye kutabiri matokeo ya pambano hilo. Miaka miwili baadaye vitabu vyake vilichomwa hadharani Berlin. Wachapishaji wanaotaka kumgeuza mtu huyu kuwa mshauri wa furaha, mwenye mapendekezo ya kufuata asubuhi na jioni, watalazimika kuifuta sentensi hiyo, maana alisema wazi kwamba hana faraja ya kutoa.

Yako pia maneno yake yasiyovumilika, kama yale ya sura ya nne yanayowaonyesha wanawake kuwa wazuiaji wa ustaarabu kwa kushikilia familia. Anayeishi katika eneo hili, ambako vyama vya akina mama vimelipa karo na kujenga nyumba, anajua kuwa si kweli. Hata hivyo nayo yabaki. Kuyafuta ni kumpa Freud heshima ambayo hakuistahili katika jambo hilo, na ni kumnyima msomaji wa kike haki ya kumjibu. Mhariri anayemkosoa ana utangulizi wake; aandike humo, na aweke jina lake chini yake.

Msomaji wenu, Nakuru