Anza na sura ya 87

Kwa miaka mingi swali moja lilinikosesha raha: binadamu ni sehemu ya maumbile, au ni adui aliyejipenyeza humo? Nilisoma ripoti za mazingira moja baada ya nyingine, na kila moja iliniongezea huzuni bila kunijibu. Jibu nililipata kwenye Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville ya mwaka 1851 kuhusu wawindaji wa nyangumi.

Najua wengi huianza wakaiacha. Hata mimi niliiacha mara mbili, maana nilikuwa naruka sura zinazoeleza nyangumi ili nimfuate nahodha Ahab na kisasi chake dhidi ya nyangumi mweupe aliyemkata mguu. Tafadhali usiziruke. Ikikulemea, fungua sura ya 87 kwanza, kisha urudi mwanzo.

Humo mashua ya wawindaji inaburutwa na nyangumi aliyepigwa chusa hadi katikati ya kundi kubwa. Pembeni ni vurugu tupu, lakini hapo katikati maji yametulia kama ya ziwa. Majike na ndama wanaisogelea mashua bila woga. Queequeg, mrusha chusa, anawapapasa paji la uso. Starbuck, msaidizi wa nahodha, anawakuna migongo kwa mkuki, mkuki uleule wa kuulia. Mara Queequeg anaona kamba majini, anapiga kelele akidhani ndama amenaswa na kamba ya chusa. Kumbe ni kitovu. Ndama ndiyo kwanza amezaliwa, bado ameungana na mama yake.

Nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Siku zote niliamini kwamba anayeua hajaona. Hawa wameona, wamegusa kwa mikono yao, na bado kazi inaendelea. Huruma na uharibifu vimo ndani ya mtu mmoja, saa hiyohiyo. Melville hakuwa anabuni kutoka mbali. Yeye mwenyewe alisafiri na meli ya wawindaji wa nyangumi mwaka 1841.

Halafu soma sura ya 105, polepole, kalamu mkononi. Msimulizi anajiuliza kama nyangumi watakuja kwisha. Anawakumbuka nyati wa Illinois, huko Marekani, waliotoweka kwa kuwindwa, anapima hoja zake, kisha anaamua kwamba hawatakwisha: wakisakwa sana watakimbilia kwenye barafu za ncha za dunia. Ni hoja ya mtu makini, anayewastaajabia kweli. Lakini karne ya 20 meli za injini na chusa zenye baruti ziliwafuata hukohuko kwenye barafu, na duniani kote wakauawa karibu milioni 3. Ilibidi mataifa yakubaliane mwaka 1982 kusitisha uwindaji wa kibiashara, na katazo likaanza kufanya kazi mwaka 1986.

Siku hizi nikisikia mtu anasema bahari au msitu ni mkubwa mno kumalizika, naichukua sura ile nikaisoma tena. Na siku ninapokata tamaa na binadamu, narudi pale kwenye maji yaliyotulia, mkono ukiwa juu ya paji la nyangumi, kabla hawajashika tena makasia.