Alisahau Pointi Zake, Nami Nikanyamaza

"Shangazi, shikamoo. Nilicheza bakigamoni, ule mchezo wa ubao wa kete na dadu, na rafiki yangu, pambano la kufikia pointi 7. Nikiwa na pointi 4 naye 2, alimaliza mchezo mmoja kabla sijatoa hata kete moja, yaani alinifunga gamoni, ushindi unaohesabiwa mara mbili, huku dadu ya kuzidisha, ile inayoonyesha thamani ya mchezo, ikiwa kwenye 2. Alistahili pointi 4 na kufikia 6, lakini alijiandikia 2 tu, kisha akaniuliza, 'Sasa ni nne kwa nne, sivyo?' Sikujibu, nikarusha dadu. Katikati ya mchezo huo nilimtaka tuzidishe thamani yake, akakataa na hivyo akauachia mchezo, nikapata pointi 1; mchezo uliofuata nikaushinda kwa pointi 2. Nilimaliza na 7, na hata kwa hesabu sahihi yeye angebaki na 6. Je, nimekosa, au kukumbuka pointi zake ilikuwa kazi yake mwenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Kwa mtu anayedai kutojua kama amekosa, umeipanga hesabu yako kwa uangalifu mkubwa, nami nashuku kwamba umeirudia kichwani zaidi ya mara moja kabla ya kuniandikia.

Nianze na haki yako. Huna wajibu wa kumsaidia mpinzani kucheza. Akiacha kete moja peke yake mahali pa hatari, au akikubali kuzidishiwa pale ambapo mtu makini angekataa, unaruhusiwa kukaa kimya na kufurahi moyoni, kwa kuwa hayo ni maamuzi, na maamuzi ndiyo yanayoshindaniwa. Pointi zilizokwisha kupatikana ni jambo jingine: ni za wachezaji wote wawili, kama ilivyo namba iliyojitokeza kwenye dadu, ambayo huwezi kuihesabu tatu ilhali ni nne kwa sababu tu mwenzako aligeuka kupiga chafya. Isitoshe, wewe uliulizwa. Aliyeulizwa "sivyo?" kisha akarusha dadu amekwisha kujibu, na rafiki yako alisikia "ndiyo".

Sasa nije kwenye hoja yako ya kwamba ungeshinda hata hivyo, maana hapo ndipo hesabu yako inapokusaliti. Mchezaji anapofikisha pointi zinazopungua moja tu kumaliza pambano, mchezo unaofuata mara moja huchezwa bila dadu ya kuzidisha. Ndiyo kanuni ya Crawford, yenye jina la John R. Crawford, na hutumika katika mapambano karibu yote ya aina hii. Rafiki yako alikuwa na 6 kati ya 7. Kwa hiyo ule mchezo uliomzidishia ulikuwa mchezo ambao hukuruhusiwa kuigusa dadu hiyo. Yeye, akiamini ni nne kwa nne, alikataa kama anavyokataa yeyote anayeona nafasi yake ya kushinda imeshuka chini ya robo, akakuachia pointi 1 na kukusanya kete zake. Kwa hesabu ya kweli asingekuwa na cha kukataa: angecheza hadi mwisho, na ushindi wowote, hata wa pointi 1, ungelimaliza pambano kwa faida yake. Nafasi iliyo chini ya robo bado ni nafasi, na wewe unajua jinsi dadu zinavyoweza kugeuka katika mirusho mitatu ya mwisho. Hiyo ndiyo uliyomnyima, wala huwezi kuifidia kwa kujumlisha pointi baadaye.

Yeye naye amezembea, sikatai. Katika mashindano kila mchezaji hutarajiwa kuandika pointi za pande zote mbili na kuzilinganisha na za mwenzake kabla ya kila mchezo. (Mimi mwenyewe niliwahi kujaza karatasi nzima vizuri, nikasahau kuandika safu ipi ni ya nani.) Hata hivyo, mwenzako alifanya hasa kile anachotakiwa kufanya mtu mwenye shaka: alikuuliza.

Mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Mwambie wazi ni mchezo upi, kwamba gamoni yake ilikuwa ya pointi 4 naye akaandika 2, na kwamba ulilijua hilo alipokuuliza. Sehemu hii ya mwisho utatamani kuiruka, usiiruke. Usianze kumweleza kwamba ungeshinda tu. Ikiwa pambano lilikuwa la mashindano, mweleze pia msimamizi, naye ataamua kama matokeo yanaweza kubadilishwa. Ikiwa lilikuwa la kirafiki, mwombe mrudie kuanzia pale hesabu ilipoharibika. Akisema yaishe, mwachie yeye ushindi huo. Akikubali kurudia, anzeni yeye akiwa na 6 nawe 4, na dadu ya kuzidisha ikae mbali na ubao.